Chombo cha barafu kavu: kipime kikiwa na mzigo, si kikiwa kitupu

SWALI: Shikamoo fundi. Nimetengeneza vyombo vitatu vya barafu kavu vya kupozea prosesa ninayotaka kuikimbiza kupita kasi yake ya kiwandani. Cha kwanza ni bomba la shaba nyekundu, nimeliziba chini kwa bamba la shaba la milimita 5 na kulilehemu. Cha pili kina kitako cha shaba cha milimita 30 na bomba la alumini juu yake, nimeviunga kwa skrubu na oringi ya mpira. Cha tatu ni kikombe cha stenlesi nilichokisugua chini mpaka kikawa bapa. Vyote nimevitia barafu na asetoni, na vyote vimefika nyuzi -76 ndani ya robo saa. Lakini nilipofunga cha kwanza kwenye kompyuta, iliganda, yaani ikaacha kuitikia, dakika ya tatu ya jaribio zito huku kipimajoto kikisoma -75. Kipi ni bora, na kuna namna ya kuvipima bila kuhatarisha prosesa?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hiyo -76, maana ndiyo iliyokupoteza. Barafu kavu ni kabonidayoksaidi iliyogandishwa, na katika hewa ya kawaida hugeuka gesi kwenye nyuzi -78.5 bila kuyeyuka kwanza. Ukiitia kwenye asetoni, uji unaopatikana utashuka hadi karibu na hapo, uwe ndani ya shaba, ndani ya stenlesi au ndani ya sufuria ya jikoni. Kwa hiyo ulichopima mara tatu ni barafu ile ile. Vyombo vyenyewe bado hujavipima. Kikiwa kitupu, kila chombo ni bingwa. Tofauti hujitokeza pale wati 150 zinapoanza kupanda kutoka chini.

Ncha ya kipimajoto chako ilikuwa inaelea kwenye uji, sivyo? Prosesa haikai kwenye uji. Inakaa upande wa pili wa kitako, na kati yake na barafu kuna pesti (ule uji unaopakwa juu ya prosesa ili joto lipite vizuri), kuna bamba, na kuna mapovu ya gesi yanayosukuma asetoni mbali na shaba. Uji unaweza kusoma -75 kwa uaminifu kabisa huku uso wa chini wa kitako uko -40 na unaendelea kupanda. Sisemi kwamba hilo ndilo lililotokea kwako, kwa sababu kuna mtuhumiwa wa pili nitakayemtaja baadaye. Ila kwa kipimo ulichochukua, hakuna awezaye kujua.

Tuangalie joto linavyopita. Chukua sehemu ya prosesa inayogusa chombo kuwa sentimita 3 kwa 3. Stenlesi hupitisha joto vibaya mno: takribani wati 15 kwa mita kwa kila nyuzi, wakati shaba nyekundu hupitisha kama 400. Piga hesabu ya kikombe chenye kitako cha milimita 2: kwa wati 150 unapoteza kama nyuzi 22 ndani ya hicho chuma chembamba peke yake, kabla hujafika kwenye asetoni. Bamba lako la shaba la milimita 5 linapoteza kama nyuzi 2 tu. Hapo utaniambia, basi cha kwanza ndicho bora. Ngoja kwanza.

Shaba nyembamba ina kasoro mbili. Ya kwanza ni kwamba joto halipati nafasi ya kutawanyika pembeni, kwa hiyo karibu wati zote zinatokea juu kwenye kiduara kidogo kilekile cha katikati. Hapo ndipo gesi inapobubujika kwa nguvu na kuinua barafu isiguse. Umewahi kuona kipande cha barafu kavu kikiteleza juu ya meza kana kwamba kina magurudumu? Kinaelea juu ya gesi yake chenyewe. Asetoni tunaiweka ili kuziba huo mwanya, lakini sehemu ikilemewa sana mwanya unarudi. Kitako kinene hutawanya joto, na ukikitoboa matundu ndani, au ukamwomba fundi wa kukereza akuchongee ngazi za duara, eneo linaloguswa na uji linaongezeka mara kadhaa. Eneo hilo lina faida kuliko unene. Shaba nene iliyo bapa ndani ni nusu ya kazi.

Kasoro ya pili ni uzito mdogo. Kila gramu ya shaba inahitaji juli 0.385 ili ipande nyuzi moja. Kitako cha kilo 1.5 kinabeba juli 578 kwa kila nyuzi, kwa hiyo wati 150 zikikipiga bila barafu kitapanda nyuzi moja kwa karibu sekunde 4. Unayo nafasi ya kuchota barafu nyingine. Chombo chepesi cha gramu 300 kinapanda nyuzi moja kwa chini ya sekunde moja. Ukigeuka kutazama skrini, ukirudi kimeshapanda nyuzi 20. Hilo nalo linaweza kuwa ndilo lililokukuta dakika ya tatu.

Sasa upimaji. Kitu cha kwanza ni kuhamisha kipimajoto. Tumia themokapo ya aina ya K, ile ya waya mbili inayochomekwa kwenye mita. Vipimajoto vya kawaida vya kielektroniki vingi havikutengenezwa kwa baridi hii. Toboa tundu jembamba kutoka ubavuni mwa kitako mpaka katikati, karibu na uso wa chini kadiri drili yako inavyokuruhusu, weka pesti kidogo ndani kisha ingiza ncha. Kwa bamba la milimita 5 tundu hilo ni la kubahatisha, afadhali uchimbe mfereji mwembamba upande wa chini na kulaza waya humo. Kabla ya yote hakikisha mita yako: ncha ndani ya maji yenye vipande vya barafu ya kawaida isome 0, kisha ndani ya uji wa asetoni na barafu kavu isome karibu -78. Themokapo ya kawaida inaruhusiwa kukosea kama nyuzi 2.5, kwa hiyo usishangae. Andika kosa lake pembeni na ulitoe kila mara. Joto linaloonyeshwa na prosesa yenyewe lisahau kabisa ukiwa chini ya sifuri. Kihisi kile kiliwekwa kulinda chipu isiungue, na kwenye baridi kali usomaji wake si wa kutegemea.

Kitu cha pili ni prosesa bandia. Chukua kipande cha shaba chenye uso wa juu unaolingana na prosesa yako, kitoboe, ingiza hita ya kifimbo, na kifunge pande zote kwa kitu kisichopitisha joto na kisichoungua, isipokuwa uso wa juu. Hita ya volti 12 inayovuta ampea 12.5 inakupa wati 150 kamili, na wati hizo unazijua kwa kupima volti na ampea, si kwa kusoma kilichoandikwa kwenye boksi. Weka fyuzi. Swichi iwe mbali, na viungio vya nyaya vibanwe au vilehemiwe, kwa sababu mvuke wa asetoni hushika moto hata kwenye baridi ya -20, na cheche ndogo inatosha. Usiwashe hita kabla chombo hakijakaa juu yake kikiwa na barafu. Shaba isiyo na pa kupeleka joto inapanda haraka ajabu.

Halafu pima hivi. Ponda barafu iwe punje za ukubwa mmoja, kama maharage, na utumie ukubwa huohuo kwa vyombo vyote. Mimina asetoni kidogo tu, ya kufunika kitako na kujaza nafasi kati ya punje. Barafu ya mwanzo itie kidogo kidogo, kwa sababu asetoni yenye joto la chumba ikipokea konzi nzima kwa mpigo itafura na kumwagika nje. Kitako kikishatulia, washa wati 50 na usubiri mpaka usomaji usimame, kama dakika 10, huku ukiongeza barafu ili kimo kisibadilike. Kisha 100. Kisha 150. Kila mara andika joto la kitako.

Gawa tofauti kati ya kitako na uji kwa wati. Kitako kikisimama kwenye -62 chini ya wati 150, tofauti ni nyuzi 16, yaani karibu 0.11 kwa kila wati. Hiyo ndiyo namba ya chombo chako, na inalinganishika na ya mtu mwingine yeyote. Ikiwa kwa wati 50 na 100 namba ni ileile lakini kwa 150 inaruka ghafla, umefika mahali ambapo gesi inaishinda asetoni: chombo kimelemewa, na kinahitaji eneo zaidi ndani.

Baada ya hapo nyima chombo barafu. Wati 150 zikiwa zinaendelea, acha kuongeza na uhesabu sekunde mpaka kitako kipande nyuzi 10 kutoka pale kilipokuwa kimesimama, kisha ongeza barafu na uhesabu kinachukua muda gani kurudi. Watu wengi hawafanyi kipimo hiki, na kwangu mimi kina uzito kuliko ile namba ya kwanza, kwa sababu kinakuambia utaishi vipi na hicho chombo kwa saa mbili. Rudia kila kitu mara tatu. Ukipata -62, -61 na -63 una kipimo. Ukipata -62, -50 na -66 una tatizo la mgandamizo wa pesti au la ukubwa wa punje.

Pesti ndiyo yule mtuhumiwa wa pili. Baadhi ya pesti zinazofanya kazi vizuri kwenye nyuzi 60 hukauka na kupasuka kwenye baridi hii, na shaba nayo husinyaa, kwa hiyo mguso unavunjika katikati ya jaribio huku kitako kikionekana baridi kuliko kawaida. Hiyo ndiyo dalili yake: kitako kinashuka wakati joto linazidi kuzalishwa. Kwenye hita utaliona kwa kuweka themokapo ya pili ndani ya kile kipande cha shaba. Funga chombo kwa bolti ndefu zenye springi ili mgandamizo uendelee vitu vinaposinyaa, na ukifungua, kagua alama ya pesti. Ikiwa na nyufa kama tope la bwawa lililokauka, badilisha pesti.

Kuna pia prosesa ambazo hazipendi baridi zenyewe, zinaganda au zinakataa kuwaka chini ya kiwango fulani. Kutofautisha ni rahisi ukishakuwa na themokapo mahali pake. Ikiganda wakati wa kazi nzito na kitako kinapanda, chombo kimeshindwa. Ikiganda ikiwa imetulia na kitako kiko chini kabisa, acha kitako kipande nyuzi 10 au 15 ujaribu tena.

Sasa uvujaji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu umeniambia chombo chako cha pili kina oringi. Niliwahi kuwa na chombo cha namna hiyohiyo. Nilikijaza maji usiku kucha, asubuhi chini pakavu, nikafurahi. Nikakijaza spiriti, pakavu vilevile. Nikakifunga kwenye ubao mama, na dakika ya ishirini nikaona tone moja linang'aa chini ya mdomo wa bomba, likaanguka, likatoweka kabla sijaligusa. Nikadhani ni umande. La tatu lilianguka juu ya kifuniko cha plastiki cha tundu la kumbukumbu na kukiacha na doa jeupe lililolainika. Umande haufanyi hivyo. Mpira wa kawaida wa oringi hukakamaa kabla ya kufika -78 na hauwezi tena kujaza mwanya. Juu ya hapo alumini husinyaa kuliko shaba: kwa kipenyo cha milimita 60 na mshuko wa nyuzi 100, tofauti yao ni kama milimita 0.036. Kwa macho hiyo ni sifuri. Kwa asetoni ni mlango.

Kwa hiyo uvujaji upimwe kwenye baridi. Tatizo ni kwamba asetoni inayovuja hupotea hewani, na umande unaodondoka hukudanganya. Ujanja wangu ni tishu nyeupe iliyochorwa mistari kwa kalamu ya wino usiofutika na kutandazwa chini ya chombo. Maji hayauhamishi wino huo. Asetoni inaufumua papo hapo, na utaona mstari umetanuka kuwa wingu la bluu. Pozesha chombo, kiache kirudi kwenye joto la chumba, pozesha tena, mara tano. Lehemu mbaya hujitokeza kwenye mara ya tatu au ya nne, si ya kwanza.

Rekebisha cha pili hivi: tupa mpira, weka gasketi bapa ya teflon, na kama unaweza kukereza upya, fanya bomba la alumini livae kitako kwa nje badala ya kuingia ndani yake. Alumini ikisinyaa zaidi, inakikaba kitako, nawe unakuwa umeifanya fizikia ikufanyie kazi. Usije ukashawishika na bomba la plastiki la maji kwa sababu ni jepesi kukata. Kwenye baridi hii linakuwa kama kioo, na gongo moja la kijiko cha kukorogea linalipasua. Povu jeupe la vifungashio nalo asetoni inalila likabaki ute.

Kwa unyevu sina mengi, ila usiruke. Funga chombo kwa sponji nyeusi ya vitundu vilivyozibika, ile wanayovalisha mabomba ya viyoyozi, isiyopungua sentimita 2, bila kuacha mwanya wowote wa hewa kati yake na chuma. Ipime hapohapo kwenye hita: baada ya saa mbili pitisha kiganja nje ya sponji. Pakiwa pakavu, sawa. Pakitoa jasho, ongeza tabaka. Ubao mama wenyewe upake mafuta ya mgando kuzunguka soketi, tabaka jembamba linalofunika kila mguu wa chuma.

Kuhusu hewa, nitakupa hesabu ili usinione mwoga. Kilo moja ya barafu kavu inachukua juli 571 kwa kila gramu kugeuka gesi, kwa hiyo wati 150 zinakula karibu kilo moja kwa saa, mbali na ile inayopotea bure. Kilo hiyo inakuwa kama lita 550 za gesi. Katika chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 2.5 na madirisha yamefungwa, hiyo ni karibu asilimia 1.8 ya hewa yote. Kiwango kinachokubalika kazini kwa siku nzima ni asilimia 0.5, na asilimia 4 inahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Kilo mbili zinakupeleka mlangoni pake. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, inajaa kuanzia sakafuni, mahali ambapo mtoto au paka amelala. Fanya kazi nje au penye upepo unaopita. Kichwa kikianza kuuma na pumzi kukimbia, toka, usimalizie kipimo. Barafu usiifungie kamwe kwenye chupa au kopo lenye kifuniko cha kukaza, litalipuka. Glavu nene wakati wote, na miwani unapoponda.

Umeniuliza kipi ni bora. Kikombe cha stenlesi kiondoe kwenye mashindano, kitumie kuchotea punje. Kwa kazi hiyo ni kizuri sana. Cha kwanza usikitupe: lehemu ndani yake kipande kinene cha shaba chenye matundu, au kibakie na shughuli za wati 60 hivi. Cha pili ndicho nitakachoweka pesa zangu, lakini kisifike kwenye prosesa mpaka tishu imebaki na mistari yake baada ya mara tano. Niandikie namba zake tatu: nyuzi kwa wati ukiwa kwenye 150, sekunde za kupanda nyuzi 10, na sekunde za kurudi. Na ndani yake ni bapa au kumetobolewa? Hukusema, na hilo litabadilisha namba ya kwanza kuliko kingine chochote.

Ukimaliza siku ya kwanza, asetoni iache kwenye chombo cha chuma kilicho wazi, nje, mbali na moto, mpaka mapovu yakome kabisa na irudi kwenye joto la chumba, ndipo uifunike. Ikiwa ilianza kuwa nzito na ya ukungu ilipokuwa baridi, imefyonza maji ya jalidi; usiirudishe kwenye kipimo cha kesho.